Kufukua historia ya mtaa wako kwenye nyaraka za mji: mwongozo kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mtaani kwetu kuna uwanja wa mchanga wenye mwembe mmoja na magoli mawili ya mabomba. Asubuhi moja tulikuta upande wa barabarani umechimbwa mashimo ya nguzo, na fundi aliyekuwa akikoroga zege hakujua zaidi ya kwamba katumwa na "mwenye kiwanja". Watu wakaanza kupiga kelele. Mjumbe wetu wa zamani, mzee wa watu, akasubiri watulie, kisha akasema: nendeni mkaangalie ramani.

Ramani tuliipata baada ya miezi saba. Muda wote huo ilikuwa kwenye kabati la ofisi, ila tuliiulizia kwa jina ambalo si lake, katika ofisi ambayo si yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Faili la mji halijui jina unaloita mtaa wako leo. Linajua jina la siku lilipofunguliwa na ofisi iliyolifungua. Ukishika hilo, mengine ni mwendo na subira.

Naandika kuhusu Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikohangaika. Mtu wa Tanga au Mwanza atabadilisha majina ya ofisi, njia atakayopita ni hii hii.

1. Andika swali dogo lenye mwaka ndani yake

"Nataka historia ya Manzese" si swali la kupeleka masijala, yaani ofisi inayotunza mafaili. Karani atakutazama, atakuomba urudi wiki ijayo, na wiki ijayo atakuomba tena. Swali linalojibika lina mahali, jambo na miaka: "Manzese ilipokuwa ikiboreshwa miaka ya 1970, nyumba zipi zilibomolewa kupisha barabara, na wenyewe walipelekwa wapi?" Hilo lina mafaili yake, na karani akilisikia anajua aanzie rafu ipi.

Kama miaka huijui, utegemee matukio makubwa ya makazi ya jiji hili, mtaa wako utaangukia mojawapo. Wajerumani walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaweka kanuni za aina ya nyumba kwa kila sehemu ya mji. Waingereza wakazirithi na kuukata mji kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na kanda ya Waafrika iliyokuwa Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja kota na viwanja vya Magomeni na Temeke, na Ilala ikaongezewa kota zake. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likaanza kubomoa nyumba za udongo na makuti na kusimamisha za matofali palepale. Mwaka 1972 serikali ikageuka: badala ya kubomoa, iboreshe. Ndipo Manzese ikawekewa barabara na huduma, na Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa viwanja kwa mradi uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Kisha tangu 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000 uliofungua maeneo ya pembezoni.

2. Fungua kabati la nyumbani kabla ya mlango wa ofisi

Zunguka kwa wazee. Kaa, shikamoo, pokea chai kama imeletwa, na usianze na "ilikuwa mwaka gani?" Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo. Uliza: mlihamia hapa kabla ya Uhuru au baada? Barabara ilikuwa na lami? Maji mlichota wapi? Nani alikuwa akipita kukusanya kodi ya kiwanja? Mama mmoja jirani yangu aliniambia alihama akiwa na mimba ya mwanawe wa pili, na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kikanipa mwaka.

Kisha omba kuona karatasi. Nyumba nyingi za mji huu zina bahasha ya kaki ndani ya sanduku, na humo mna barua ya toleo, stakabadhi za kodi ya ardhi, mkataba wa upangaji, labda leseni ya makazi. Unachotafuta ni namba iliyo juu ya kila barua, pale penye "Kumb. Na." Inakili kama ilivyo, mikwaju na nukta zake zote, usiifupishe. Kwenye karatasi za ardhi utaona pia herufi L.D., L.O. au C.T. kabla ya namba. L.D. na L.O. ni namba za jalada la ofisi ya ardhi, C.T. ni ya hati yenyewe. Namba moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Tahadhari moja: namba iliyopigwa rangi mlangoni si namba ya kiwanja. Huenda ni ya sensa, ya watu wa maji au ya anwani za makazi. Kiwanja husomeka "Kiwanja Na. 12, Kitalu D", pamoja na jina la eneo.

3. Tafuta majina ya zamani

Kaa sana na hatua hii, ndiyo inayolipa kuliko zote. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili: kushoto jina la leo, kulia kila jina ambalo mahali hapo pamewahi kuitwa.

Mitaa kwanza. Barabara ya Samora ilikuwa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue. Uhuru ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street, na barua za TANU za miaka ya 1950 zimeandikwa hivyo. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road. Ukitafuta nyumba ya mtaa wa Uhuru kwenye karatasi za 1955 kwa neno Uhuru, utatoka mikono mitupu na kuamini kwamba hakuna kitu.

Kisha maeneo. Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mtumishi wa miaka ya 1920 alipofungua faili aliandika juu yake "Zone III" au "Native Quarter". Mnazi Mmoja utaikuta imetajwa kama "Open Space" tu, yaani eneo la wazi. Nilipofuatilia nikaona kwa nini: uwanja ule uliachwa wazi makusudi ili utenge Uhindini na makazi ya Waafrika, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Nimepumzika chini ya miti ile tangu utotoni bila kujua kwamba palipangwa tusikutane.

Halafu maneno ya shughuli yenyewe. Orodha za mafaili ya zama za ukoloni, na za miaka mingi baada ya Uhuru, ni za Kiingereza. Za Wajerumani ni za Kijerumani na zina herufi G mwanzoni mwa namba. Anayetafuta "makazi holela" hataona kitu hata kama mafaili yamejaa rafu, kwa sababu yaliandikwa "Squatters". Andika maneno haya daftarini na uyapitishe yote: Township, Layout, Plots, Building Rules, African Housing, Slum Clearance, Town Planning. Kwa miaka ya 1970 kuendelea ongeza Upgrading na Sites and Services.

4. Fuata ofisi, si jengo

Mji huu umebadilishiwa mwenyewe mara nyingi, na kila mara mafaili yalibebwa, mengine yakaachwa. Usipojua mfululizo huu utazungushwa.

Mpaka 1949 ulikuwa chini ya "Township Authority". Mwaka huo ukawa manispaa, na Desemba 1961 ukapewa hadhi ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali za mitaa zikafutwa katika mpango wa madaraka mikoani, kazi zake zikaenda mkoani na wilayani, hadi halmashauri za mijini ziliporudishwa 1978. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Baadaye zikamegwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Sasa chukua Sinza. Viwanja vyake vilipimwa miaka ambayo halmashauri zilikuwa zimefutwa. Kwa hiyo barua za mwaka 1976 ziliandikwa na wizara na mkoa. Baadaye Sinza ikawa Kinondoni, leo ni Ubungo. Anayekwenda Ubungo kuulizia kikao cha 1976 anaulizia kitu kwa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa. Aanze wizarani na mkoani, kisha Kinondoni, Ubungo iwe ya mwisho.

Nyumba za kupanga zina njia yake. Sheria ya 1971 ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akikaa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee wa Upanga na Kisutu mpaka leo watakwambia "hii ni ya Msajili". Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, kwa hiyo mikataba na madaftari ya kodi ya majengo hayo uulizie Shirika.

5. Siku yako ya kwanza Nyaraka za Taifa

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Idara, ukurasa mmoja: wewe ni nani, unatafuta nini, cha miaka gani, kwa ajili ya nini. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, na kama kuna chuo au serikali ya mtaa inayokutambulisha, ongeza barua yao. Uliza mapema ada ni kiasi gani na kama kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa.

Nenda na penseli mbili. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za zamani, na ni haki yao. Omba vitabu vya orodha, uyapitishe yale maneno ya daftarini. Mafaili mengi ya wilaya ya Dar es Salaam yako kwenye kundi namba 540. Likupitie mbele, lisimamishe. Nakili namba nzima, jina la faili na miaka yake, jaza karatasi ya maombi, kaa usubiri. Salimia vizuri, na usigombane na anayeleta mafaili. Huyo ndiye anayejua kwamba ramani ya faili lile haiko ndani yake, iko kwenye bomba juu ya kabati la tatu.

Faili likifika, usikimbilie barua. Soma madokezo kwanza. Hizo ni karatasi ambazo watumishi waliandikiana wao kwa wao, kila dokezo na namba yake, sahihi na tarehe. Barua iliyokwenda nje husema "ombi lako limekataliwa". Dokezo husema kwa nini, nani alipinga, na fedha zilikuwa zimebaki kiasi gani. Kisha angalia namba za folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya faili, pembeni mwa kila barua, mara nyingi zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Zikitoka 41 zikaenda 44, mbili zimetolewa. Andika hivyo daftarini. Ukikuta dokezo linataja faili jingine, hiyo ndiyo oda yako inayofuata. Mafaili hutajana kama ndugu, na mara nyingi unachotaka kiko kwa binamu.

Nitakueleza karatasi moja niliyoishika. Ilikuwa ombi la wenye nyumba wa Kariakoo, limeandikwa kwa Kiswahili, herufi za mkono zimelala upande mmoja kama zimepigwa na upepo. Waliomba wasikatazwe kukarabati nyumba zao za udongo mpaka wapate uwezo wa kujenga za saruji. Chini yake, safu mbili za dole gumba la wino wa zambarau. Dole moja lilikuwa limeteleza, likaacha mkia. Barua zote zilizoizunguka zilikuwa za Kiingereza na zilizungumza kuhusu watu hao bila kuwataja jina hata mmoja. Ukikutana na karatasi ya namna hiyo, inakili neno kwa neno, na makosa yake. Ni nadra, na ndiyo sauti ya mtaa.

Mipango mikuu ya jiji tafuta kwenye maktaba: ule wa 1949 uliotayarishwa na Sir Alexander Gibb and Partners, wa 1968 wa Project Planning Associates ya Kanada, na wa 1979 wa Marshall Macklin Monaghan, nayo ya Kanada. Jaribu maktaba ya Chuo Kikuu Ardhi na sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama una ndugu London, mafaili ya Tanganyika yaliyokwenda kwa Waziri wa Makoloni yako Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, chini ya namba CO 691. Ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yako Berlin, kwenye Nyaraka za Taifa za Ujerumani, kundi R 1001.

6. Ramani mbili, usizichanganye

Ramani ya mipangomiji, ile ambayo maofisa huiita TP (Town Planning), inaonyesha kila kipande kimekusudiwa nini: makazi, biashara, shule, zahanati, eneo la wazi. Ramani ya upimaji inaonyesha mipaka yenyewe, mawe na vipimo vyake. Ya kwanza inasema pawe nini, ya pili inasema paishie wapi. Mtu anaweza kukuonyesha ya upimaji, imegongwa mihuri yote, juu ya kipande ambacho TP yake imekitia kijani kuwa eneo la wazi.

Kwa hiyo omba zote mbili, kwa idara ya mipangomiji ya halmashauri yako au ofisi ya ardhi ya mkoa. Ukizipata, weka tarehe sambamba. TP ikiwa ya zamani kuliko upimaji na haziafikiani, uliza kwa maandishi: je, kuna mabadiliko ya matumizi yaliyoidhinishwa, ya lini, na tangazo lake lilitolewa wapi? Usiulize kwa mdomo. Ya mdomo hayana kumbukumbu namba.

Ukitaka kujua kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, hiyo ni kazi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati: unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipa, unasubiri majibu ya maandishi. Lipia kwa namba hiyo tu, na stakabadhi itunze.

7. Ukizungushwa

Ofisi moja ilituambia jalada letu "liko kwa bosi" kwa wiki kumi na moja. Tulikosea jambo moja, tulikuwa tunakwenda kuuliza badala ya kuandika. Siku tulipopeleka barua na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, mambo yakabadilika.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yako itaje sheria hiyo kwa upole, itaje jalada kwa namba kama unayo, na iombe kitu kimoja: nakala ya ramani fulani, au muhtasari wa kikao cha tarehe fulani. Ukiomba "taarifa zote" umewapa sababu ya kuchelewa. Kama jibu ni hapana, omba hapana hiyo iandikwe pamoja na sababu.

8. Soma ukijua kwamba karatasi zina mapengo

Mpango si mtaa. Barabara nyingi za mpango wa 1968 hazikujengwa kamwe, na shule zilizochorwa ziligeuka nyumba za watu. Kwa hiyo kila unachokiona kwenye ramani kitembelee kwa miguu, na kila unachokiona mtaani kiulizie kwenye ramani.

Tena angalia nani hayupo. Mafaili yanawajua wenye viwanja. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ilikuwa na wapangaji wa vyumba vitano ambao hawako kwenye karatasi yoyote. Wanawake waliojenga na kupangisha mara nyingi wameandikwa kwa jina la mume au kaka. Hao utawapata kwa wazee wa hatua ya pili, ndiyo maana tulianzia kwao. Na mpangaji wa leo atunze karatasi zake: nyumba mpya za Magomeni Kota zilizozinduliwa Machi 2022 zilikuwa za kaya 644 zilizokuwa zikiishi kota za zamani, na kuwemo kwenye orodha ile ndiko kulikokuwa kila kitu.

9. Ukishapata, toa nakala tatu

Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli: ofisi, namba ya faili, folio, tarehe uliyoiona. Bila hayo, mwakani hata wewe mwenyewe hutajua ilitoka wapi. Moja ibaki kwako, moja uipeleke ofisi ya serikali ya mtaa na mwenyekiti asaini kuwa kaipokea, ya tatu iwe kwa mtu mwingine kabisa, nyumba nyingine, kwa sababu mafuriko ya Msimbazi hayachagui sanduku.

Yetu iko ukutani kwenye ofisi ya mtaa, ndani ya plastiki. Kipande chetu kimetiwa kijani, na juu yake yamechapwa maneno mawili, "Open Space". Barua yetu iko halmashauri na ina muhuri wa kupokelewa. Jibu tunalingoja, siku 30 hazijatimia. Mashimo yale manne watoto wameyafukia kwa mchanga, na lile lililokuwa karibu na goli wamelisawazisha kwa miguu.